Mkimbizi hapigi kura

Mtu wa Kasulu, mkoani Kigoma, hahitaji kuelezwa mkimbizi ni nani. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika, na tangu hapo kizazi kizima cha watoto wa Makere na vijiji vya jirani kimekua kikiishi nao. Tumewauzia ndizi na mihogo, tumenunua kwao unga wa njano na mafuta ya kula ya mgao, tumewaita kwenye mashamba yetu na kuwalipa kibarua. Kuna waliooana. Ndiyo maana kampeni zikianza huwa natega sikio kusikia mgombea atasema nini kuhusu kambi, na kwa miaka yote niliyotega sikio nimefikia kuamini jambo moja: vyama vyetu, kilicho madarakani na vinavyoyatafuta madaraka, vimeacha kumwona mkimbizi kama mtu na vinamwona kama tishio la kuondolewa. Na tishio hilo likishatangazwa jukwaani haliishii kwenye mpaka wa kambi. Linamfikia Muha, mwenyeji wa Kigoma, kijijini kwake, raia mwenye kadi ya kupigia kura mfukoni.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Enzi za TANU, na baadaye CCM ilipokuwa chama pekee, kumpokea mkimbizi kulikuwa sehemu ya siasa ya ukombozi. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikuwa na kambi zao Kongwa, Mazimbu na Dakawa, na raia wa Msumbiji waliokimbia vita walipokewa Ruvuma na Mtwara. Warundi walipokimbia mauaji ya 1972, serikali iliwapeleka mbali na mpaka, kwenye mapori ya Tabora na ya Rukwa ya wakati ule: Ulyankulu, Katumba, kisha Mishamo. Walipewa ardhi, si mgao wa milele. Waliyakata mapori yenye mbung'o, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo matatu yalikuwa yanajilisha na kuuza ziada. Mwaka 1980 Wanyarwanda zaidi ya 30,000 walipewa uraia. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akatunukiwa tuzo ya Nansen, inayotolewa kwa waliowatumikia wakimbizi.

Sitaki kuipamba enzi ile. Makazi yalikuwa na mkuu aliyeteuliwa na wizara, na mtu hakutoka bila kibali. Serikali ilikuwa na faida yake pia, maana ilipata watu wa kufungua ardhi ambayo Watanzania wenyewe hawakuikimbilia. Na hofu ya usalama haikuwa ya kubuni: Palipehutu, chama cha Wahutu wa Burundi ambacho baadaye kiliingia msituni, kilizaliwa Mishamo mwaka 1980, ndani ya makazi yaliyokuwa yakisifiwa kwa utulivu. Ila wakati ule hakuna mwanasiasa aliyekuwa na cha kupata kwa kumsema vibaya mkimbizi. Chama kilikuwa kimoja, na msimamo wa chama ulikuwa umeshatolewa.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi akauawa, na mamia ya maelfu ya Warundi wakavuka kuingia Kigoma na Kagera. Miezi sita baadaye ikawa zamu ya Rwanda. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24. Benaco, wilayani Ngara, palipokuwa panajulikana kwa kampuni ya ujenzi wa barabara tu, pakageuka kuwa na watu wengi kuliko miji yetu mingi ya mikoa. Kwa hiyo ushindani wa kura na wimbi kubwa kuliko yote la wakimbizi vilitufikia kwa pamoja, na sidhani kama tumewahi kuvitenganisha tena vichwani mwetu. Tarehe 31 Machi 1995, miezi saba kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi, serikali ilifunga mpaka na Burundi. Desemba 1996, Rais Mkapa akiwa na mwaka mmoja tu Ikulu, Wanyarwanda karibu nusu milioni walitakiwa wawe wameondoka mwezi ukiisha. Waliojaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, upande wa mashariki, walizuiwa na jeshi na kugeuzwa.

Waliolalamika Ngara, Kibondo na Kasulu miaka ile hawakuwa watu wenye roho mbaya, na inaniuma wasomi wa mbali wanapowaweka kwenye kundi hilo. Silaha zilivuka pamoja na watu, na bunduki ikawa kitu cha kununulika. Mabasi kati ya Kigoma na Nyakanazi yalikwenda kwa msafara, askari wenye silaha ndani, na abiria wote walijua kipande gani cha pori ndicho cha kukaa kimya na kusali. Kuni ziliadimika, mama zetu wakawa wanatembea mbali maradufu. Kibarua wa Kiha aliyekuwa akilipwa kwa siku alijikuta anashindana na mtu anayelala na njaa kambini na kukubali nusu ya malipo. Mwenye shamba kubwa alifurahi, asiye na shamba alilia, na mwenye lori au nyumba ya kupangisha wafanyakazi wa mashirika alitajirika. Hapo hapo, zahanati na visima ambavyo tungevisubiri miaka mingi vilichimbwa na kujengwa kwa fedha za msaada. Mwaka 2000 nchi ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 600,000, wengi wao kwenye wilaya chache za mikoa miwili maskini. Mzigo ulikuwepo, na watu walistahili chama cha kuusema.

Kilichofanyika ni kuubeba mzigo ule kama hoja ya ulinzi na kuacha mengine yote. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ilikaza kamba: mkimbizi akae kambini, na katika utekelezaji asitoke zaidi ya kilomita nne bila kibali. Kulima hakukuruhusiwa. Mtu aliyeweza kujilisha akafungiwa kwenye foleni ya mgao, kisha akalaumiwa kwa kuwa tegemezi. Ilani ya CCM ya 2005 ikaenda mbali zaidi na kuahidi kwamba ifikapo 2010 Tanzania itakuwa haina wakimbizi.

Wengi kweli waliondoka miaka hiyo, mamia ya maelfu. Lakini waliondoka kwa sababu Burundi ilikuwa imepata mkataba. Mwalimu alisimamia mazungumzo ya Arusha mpaka kifo chake Oktoba 1999, Mandela akayachukua, saini zikawekwa Agosti 2000, waasi wa CNDD-FDD wakaingia kwenye makubaliano mwaka 2003, na uchaguzi ukafanyika 2005. Mimi hilo ndilo nalihesabu kuwa kazi kubwa ya usalama wa taifa iliyowahi kufanywa na Tanzania kuhusu wakimbizi, na ilifanyika kwenye vyumba vya mikutano, si kwenye vizuizi vya barabarani. Ajabu ni kwamba kwenye mikutano ya kampeni niliyohudhuria sikuwahi kumsikia mtu akiombea kura kwa kazi hiyo.

Kuna jingine ambalo chama tawala kimelifanya na kulinyamazia. Ilani ile ya "bila wakimbizi" ilikuwa bado mbichi wakati serikali ya Rais Kikwete, mwaka 2007, ilipowauliza Warundi wa 1972: mnarudi au mnabaki? Walikuwa kama 218,000, wakiwa pamoja na watoto na wajukuu waliozaliwa hapa hapa. Takriban mmoja kati ya watano alichagua kurudi. Wengine wote waliomba uraia, na kufikia 2010 zaidi ya 160,000 walikuwa wamekubaliwa. Nchi maskini, bila kushinikizwa na mtu, iliamua kuwageuza wakimbizi wengi hivyo kuwa raia kwa mkupuo mmoja. Sijui ni nchi gani nyingine imefanya hivyo.

Kisha woga wa kisiasa ukaingia. Sharti likawa kwamba ili wapate vyeti ni lazima waondoke Katumba, Mishamo na Ulyankulu, watawanywe mikoa mingine, makazi yavunjwe. Hoja ilikuwa umoja wa kitaifa: wasibaki kundi moja mahali pamoja. Lakini mikoa iliyotakiwa kuwapokea haikuwa tayari, fedha za kuwahamisha hazikutosha, na watu wenyewe waliuliza swali ambalo sikuwahi kusikia likijibiwa: tunaacha mashamba tuliyoyafyeka sisi tangu porini, tunakwenda wapi? Kwa miaka minne walikaa katikati. Uraia wa Burundi walikuwa wameukana, cheti cha Tanzania hawakuwa nacho mkononi. Kuanzisha biashara, kujenga nyumba ya kudumu, kupanda zao la miaka, yote yalisimama kwa sababu huwezi kuwekeza mahali ulipoambiwa utahamishwa. Oktoba 2014 hatimaye Rais Kikwete alianza kukabidhi vyeti, na wakaruhusiwa kubaki walipo. Uchaguzi wa 2015 ukafika nao wakiwa raia. Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa na yalipo sasa makazi ya Katumba na Mishamo, haikugawanyika. Tabora haikuwaka moto.

Narudia hili kila ninapobishana na watu mitandaoni, kwa sababu ni jaribio lililofanyika katika nchi yetu wenyewe, kwa watu wetu wenyewe, na matokeo yake yanaonekana kwa macho. Anayesema wakimbizi wengi wakikaa mahali pamoja wataiyumbisha nchi anapaswa kwanza atuambie kilichotokea Mishamo baada ya 2014. Kama ana jibu, nitamsikiliza.

Badala yake tulirudi kwenye kuondoa. Mwisho wa 2012 kambi ya Mtabila, hapa Kasulu, ilifungwa, na Warundi wapatao 35,000 wakapakiwa kwenye magari na mabati yao. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga kuwaondoa wahamiaji haramu Kagera, Kigoma na Geita. Ndani ya wimbi lile walisombwa watu walioishi Karagwe na Ngara miaka 30 na 40, wenye wake na wajukuu Watanzania, wengine wakidai kwa sauti kuwa wao ni raia na hawana karatasi ya kuthibitisha. Mkulima wa kijijini ana karatasi gani? Vitambulisho vya taifa vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kutolewa, na huku kwetu vilichelewa kuliko kwingine.

Halafu Aprili 2015 Rais Nkurunziza wa Burundi akatangazwa kugombea muhula wa tatu, na Kagunga ikajaa. Kagunga ni kijiji cha wavuvi mpakani kabisa, ziwa mbele na mlima mkali nyuma, magari hayafiki. Makumi ya maelfu walijibana kwenye ule ukanda wa mchanga. Meli ya MV Liemba ilisimama majini, mitumbwi ikawa inawapeleka wazee na watoto kwenye meli wachache wachache, saa baada ya saa, kisha safari ya kwenda Kigoma mjini na Uwanja wa Lake Tanganyika uliogeuzwa kituo cha mapokezi. Kipindupindu kiliua zaidi ya watu 30, na wamo Watanzania. Wanakijiji wa Kagunga waliokuwa wachache mara nyingi kuliko wageni wao waliwapa maji na kivuli kabla shirika lolote halijafika. Mei ile sikumsikia mgombea yeyote, wa chama chochote, akiwashukuru. Ilikuwa miezi mitano kabla ya uchaguzi.

Yaliyofuata yanajulikana. Januari 2017 serikali iliacha kuwapokea Warundi kwa kundi, yaani bila kumhoji kila mmoja peke yake. Julai mwaka huo Rais Magufuli, akiwa Ngara pamoja na Nkurunziza, aliwataka warudi kwao. Mwaka 2018 Tanzania ilijitoa kwenye mpango wa kimataifa uliotaka wakimbizi waruhusiwe kujitegemea na vijiji vinavyowapokea visaidiwe. Mwaka 2019 soko la pamoja la wakimbizi na wanavijiji likafungwa, na hili nililiona kwa karibu. Siku ya soko akina mama wa vijiji vya jirani walikuwa wanafika alfajiri na ndizi, nyanya, mkaa, dagaa wa Kigoma waliokaushwa. Wanarudi mchana na unga, mbaazi, vitenge, na fedha ya ada ya shule. Lilipofungwa, mkimbizi alipoteza mahali pa kubadilisha mbaazi kwa mboga, na mwanamke wa Kiha akapoteza mteja wake wa uhakika. Bei ya ndizi ilishuka mpaka watu wakawa wanaziacha zinaivia mgombani. Hatua iliyotajwa kuwa ni ya ulinzi iliwaumiza wapiga kura wetu, na sikumbuki chama kilichoitisha hata mkutano mmoja kuipinga.

Nifike sasa kwenye lililonifanya niandike. Katika siasa zetu, kumtilia mtu shaka ya uraia ni silaha inayopatikana bure. Mwaka 2001 mwandishi Jenerali Ulimwengu aliambiwa si raia, pamoja na wengine watatu waliokuwa watu wazito, baada ya kuitumikia nchi hii maisha yake yote ya kazi. Mwaka 2010 Hussein Bashe, leo anajulikana na kila mtu, alienguliwa kwenye ugombea wa CCM Nzega uraia wake ukitajwa, kisha serikali ikasema ni raia. Hao wana majina na marafiki, walisikika. Mtu wa Buhigwe au Kakonko hasikiki.

Kiha na Kirundi vinasikilizana, majina yetu yanafanana, tumeoana kabla mkoloni hajachora mstari. Kwa hiyo Muha akipanda basi kwenda Tabora au Dar es Salaam anajua kuna kushushwa. Mimi nimeshushwa. Kijana aliyeshika kadi yangu aliniuliza mtendaji wa kijiji changu ni nani, babu yangu kazikwa wapi, shule ya msingi nilisoma na nani, kisha akaniambia niimbe wimbo wa taifa nikiwa nimesimama kando ya barabara, abiria wenzangu wakinitazama dirishani. Niliimba. Nyuma yangu alikuwa mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, Kiswahili chake kizito cha Heru Juu, kitambulisho hana. Basi liliondoka bila yeye. Mpaka leo sijui alifikaje, na wala sijui kama alifika.

Upinzani ulilisikia hili mapema kuliko chama tawala. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilishinda majimbo manne nchi nzima, yote Kigoma, yakiwemo ya Kasulu na Muhambwe, yaani huku huku kwenye kambi. Miaka ya karibuni ACT-Wazalendo, na Zitto Kabwe mwenyewe, wamesimama majukwaani kulaani watu wa Kigoma kusumbuliwa kwa uraia wao. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini sikilizeni namna hoja inavyojengwa: sisi si wakimbizi, sisi ni Watanzania, tuacheni. Ni kweli, ila inamaanisha kwamba yanayofanywa yana makosa tu kwa kuwa yamemkuta mtu asiye yeye. Yakimkuta mkimbizi ni sawa. Ukishakubali hilo umekubali pia kwamba lazima awepo mtu kizuizini wa kutenganisha nani ni nani, na mtu huyo hana kipimo kingine zaidi ya lafudhi, pua na jina. Muha hawezi kuwa salama chini ya utaratibu unaomruhusu ofisa kumdhalilisha Mrundi. Hatuonekani tofauti.

Najua kwa nini vyama havitaki kulisema. Mkimbizi hapigi kura. Anayemtetea anapoteza kura Mwanza na Dodoma bila kupata hata moja kwenye kambi ya Nduta. Na msemaji wa serikali ana majibu yenye uzito: mataifa tajiri yaliahidi fedha na hayakutoa, mgao wa chakula umekatwa mara kadhaa, sisi tumebebeshwa. Nakubaliana naye kwa yote. Ulaya inayowalipa wengine wawazuie watu jangwani na baharini haina haki ya kutufundisha ukarimu. Lakini hasira dhidi ya wafadhili haielezi kwa nini mkimbizi akatazwe kulima bustani au kuuza maandazi. Katazo hilo ni letu.

Wapo watu ambao ningependa kila mgombea wa Kigoma aulizwe kuwahusu hadharani, wa chama chochote. Baadhi ya Warundi wa 1972 hawakwenda Katumba wala Mishamo. Walibaki vijijini mwambao wa ziwa na milimani, wakavua na kulima pamoja na wenyeji. Walipoandikishwa walikuwa zaidi ya 20,000. Utaratibu wa uraia wa 2007 ulikuwa wa wale wa kwenye makazi, hawa haukuwagusa. Wanachangia ujenzi wa shule, wanazika nasi, wajukuu wao wanacheza mpira na wajukuu zetu, na kwa karatasi bado ni wakimbizi baada ya nusu karne. Hawako kambini, kwa hiyo hakuna kambi ya kufunga. Hawana kwa kurudishwa, maana waliokijua kijiji walichotoka wengi wameshakufa. Mgombea akija na msafara wake na muziki, naomba mtu anyooshe mkono amuulize: hawa mtawafanya nini, na lini?